Yakobo, Yakubu, James: jina moja kwa asili, matatu kwa karatasi

Swali la wiki liliuliza kama Yakobo, Yakubu na James ni jina moja, na kama mzazi anayetaka mtoto arithi jina la babu yake Yakobo anaweza kumwandikisha James bila kulipoteza. Kwa asili ni jina moja. Kwa karatasi ni matatu, na hapo ndipo watu wanapohangaika. Nianze na asili.

Jina ni la Kiebrania na lina konsonanti nne. Aliyesoma chuo cha Kurani hapa Tanga anazijua zote, maana Kiarabu kinazo vilevile: ye, aini, kafu, be. Mwanzo 25:26 inalihusisha na kisigino, kwa kuwa pacha wa pili alizaliwa ameshika kisigino cha Esau, na neno la Kiebrania la kisigino lina mzizi huohuo wa aini, kafu, be. Hata Kiarabu kisigino ni akibu, mzizi mmoja. Sura mbili mbele Esau, kwa uchungu wa kunyang'anywa baraka, analigeuza jina la nduguye kuwa shutuma ya hila. Wengi huishia hapo, wakawaambia wazazi kwamba Yakobo maana yake ni mdanganyifu. Hayo ni maneno ya mtu mwenye hasira, hayawezi kuwa kamusi. Wataalamu wengi wa lugha za Kisemiti wanaliona kama ufupisho wa jina refu lililoishia na jina la Mungu, lenye maana ya "Mungu alinde". Majina ya umbo hilo yalikuwepo Mesopotamia ya kale, na iko mihuri midogo ya mawe yenye jina la mtawala Yakub-Har, wa zama za Wahiksosi waliotawala Misri zaidi ya miaka 1,500 kabla ya Kristo. Mzazi asione haya kumpa mwanawe jina hili.

Yakubu limetujia kwa Kiarabu. Kurani inamtaja Nabii Yaakub mara 16, na Sura Hud aya ya 71 inampa mke wa Ibrahimu habari njema ya Is-haka, na baada ya Is-haka, Yaakub. Kafu ya kooni hatunayo, ikawa k ya kawaida kama ilivyo katika kadhi. Aini ilianguka, au iliacha a ndefu, ndiyo maana wengine huandika Yaakub. Irabu ya mwisho tumeiongeza wenyewe, kama tunavyofanya kwa maneno mengi ya Kiarabu.

Yakobo limezunguka zaidi. Kigiriki hakina aini, basi waliofasiri Agano la Kale kwa Kigiriki waliandika Iakob, bila kiishio. Agano Jipya nalo lilimwacha mwana wa Isaka na Iakob yake, lakini wanaume wa zama za Yesu wenye jina hilohilo wakapewa kiishio cha Kigiriki: Iakobos. Kilatini kikafuata, Iacob kwa mzee wa kale na Iacobus kwa mitume. Kiishio hicho kidogo ndicho kilichozaa mkanganyiko wote. Waitaliano leo humwita mwana wa Isaka Giacobbe na mtume Giacomo. Waingereza humwita wa kwanza Jacob na wa pili James, kana kwamba mama zao walichagua majina tofauti. Biblia yetu ya Kiswahili huwaita wote Yakobo, na kwa maoni yangu imekuwa aminifu zaidi kwa asili kuliko ya Kiingereza. Kazi inayobaki ni ya msomaji, aangalie ni Yakobo yupi: wa Isaka, wa Zebedayo, wa Alfayo, au ndugu yake Bwana.

Sasa James limetokaje kwenye Iacobus? Tamka ba, kisha ma. Midomo inafumba palepale. Kilichobadilika ni pumzi kupita puani. Katika Kilatini cha baadaye watu walianza kusema Iacomus mahali pa Iacobus. Wafaransa wa kale wakalifupisha, silabi ya co ikamezwa, pakabaki umbo kama Jammes. Wanormani wakalivusha kwenda Uingereza likawa James. Mwenye shaka aangalie historia yao: mfalme James II alipoondolewa mwaka 1688, wafuasi wake waliitwa Jacobites, kwa kuwa kwa Kilatini mfalme yule ni Jacobus.

Ndugu wengine wa jina hili ni Jacques la Kifaransa, Jakub la Kipolandi, Yakov la Kirusi na Jaime la Kihispania. Santiago nalo ni "Mtakatifu Yakobo" yaliyoungana. Wareno waliposikia San-Tiago wakakata mahali pasipo pake, wakapata Tiago. Diego huingizwa humu pia, lakini wataalamu hawajakubaliana. Jack si wa ukoo huu, kwa Waingereza limetokana na John, kwa hiyo Jackson naye ni wa upande wa Yohana. Na kwa sisi wa pwani kuna mtego mmoja: Waskoti wana Hamish, ambalo ni James kweli. Kwao jina ni Seumas, lakini ukimwita mtu, s ya mwanzo hugeuka h. Halihusiani kabisa na Hamisi wetu, ambaye ni wa Alhamisi.

Anayetafuta babu zake katika vitabu vya zamani vya ubatizo ajue haya. Vitabu vya Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini: mtoto ni Jacobus, lakini akiwa baba wa mtoto anaandikwa Jacobi, yaani "wa Yakobo". Wengi hudhani hao ni watu wawili. Mjerumani akiandika Jakob husoma Yakob, kwa hiyo karatasi ya Tanga ya enzi za Wajerumani, kabla ya 1916, yenye J ni Yakobo yuleyule. Na katika karatasi za Kiingereza ukikuta Jas. yenye nukta, hiyo ni James kwa ufupi. Si Jason wala Jasper.

Nikirudi kwa mzazi: akimwandika James, asili ya jina la babu imebaki, lakini herufi zake hazikubaki, na ofisi huangalia herufi. Mtoto akiwa Yakobo kwenye cheti cha ubatizo, James shuleni na Jacob kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, kwa ofisi hao ni watu watatu, na mambo hukwama kwenye pasipoti, mirathi au mafao. Dawa ni kuamua mapema. Tangazo la kizazi linapojazwa hospitali, taja umbo moja herufi kwa herufi, kisha lisome kabla ya kuondoka, na cheti cha kuzaliwa cha RITA kikitoka kilinganishe nalo. Siku ya kuandikisha shule mpe mwalimu nakala ya cheti, usimtajie jina kwa mdomo, maana wapo wanaoandika James kwa kudhani ndiyo tafsiri ya Yakobo.

Kwa ambaye karatasi zimeshatofautiana, kiapo mbele ya wakili au hakimu hutaja maumbo yote na kusema ni ya mtu mmoja. Kiapo hicho huunganisha majina tu. Anayetaka kuacha James moja kwa moja na kurudi kwenye Yakobo anahitaji hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, ndipo apeleke nakala kila mahali penye jina la zamani, akianzia NIDA, kwa sababu benki na ofisi nyingine husoma kutoka huko.

Msomaji, Ngamiani, Tanga