Dada watatu wa Ujiji: anza na gharama

Umeuliza katika riwaya yako utawatofautishaje dada watatu wa Ujiji, ambao mila ya kwao inataka waolewe kwa kufuatana na baba ndiye anayechagua. Usianze na tabia, anza na kile ambacho kila mmoja atapoteza. Riwaya nyingi huharibika hapa: mtoro anakuwa shujaa, mtiifu anakuwa zuzu. Dada mkubwa mpe faida ya kutii: funguo za stoo, kauli ya mwisho kwenye bei ya mawese. Msomaji atamwelewa hata akimchukia.

Wa kati akitoroka kwa treni ya Tabora, nauli imetoka wapi? Kama anaanika dagaa Kibirizi, ufukweni Kigoma, kwenye mbalamwezi wavuvi wa taa hawaendi ziwani, kwa hiyo hana hela. Aondoke mwishoni mwa siku za giza, kabla ya mbalamwezi kurudi, ameshalipwa.

Wa mwisho aitikie kila kitu mbele ya baba, huku akimchochea shangazi akwamishe mahari. Huyu ndiye mgumu kuandika, mpe kurasa nyingi zaidi.

Halafu, hadithi ikiwa ya miaka ya 1980, usilete polisi kumwokoa binti wa miaka 15: Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu kuolewa kwa ridhaa ya baba.