Muulize Mwalimu: Azidishe au agawanye?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu yuko darasa la tano. "Km, hm, dam, m, dm, sm, mm" anaimba bila kukosea hata moja. Ila akipewa swali la kugeuza vipimo, mara anazidisha, mara anagawanya, kama anabahatisha. Juzi kaandika m 2 sm 4 ni sawa na mita 2.4, akawekewa kosa, na mimi sikuona kosa liko wapi. Nimsaidieje?
Mama wa darasa la tano, Nachingwea

JIBU: Marahaba, mama. Wimbo mwanao anao tayari, usimwongezee mwingine. Kabla hajashika penseli muulize: jibu litakuwa namba kubwa zaidi au ndogo zaidi? Asikokotoe chochote mpaka akujibu.

Korosho zile zile ukizipima kwa kopo utahesabu makopo mengi. Ukizipima kwa gunia, magunia machache. Umbali nao ni hivyo. Kutoka kilomita kwenda mita kipimo kinakuwa kidogo, basi namba inakua: zidisha. Kutoka sentimita kwenda mita kipimo kinakuwa kikubwa, namba inapungua: gawanya. Nimefundisha hesabu Newala na Masasi, na watoto wengi niliowaona wakikwama hapa kuzidisha walikuwa wanajua vizuri kabisa. Walichokosa ni kujua waelekee wapi.

Sasa hiyo 2.4. Azima tepu ya fundi, mpimie mlango. Tuseme umefika mita mbili na vistari vinne vya sentimita. Mwonyeshe kwa kidole kwamba mita moja ina sentimita 100, kwa hiyo hizo 4 ni 4 kwa 100, yaani 0.04. Jibu ni mita 2.04. Kisha vuta tepu mpaka 2.4, mkono wake ukiwa umeshika pale pa mwanzo. Ataona mwenyewe imepita juu ya mlango kwa sentimita 36, zaidi ya rula yake ya shule! Hapo hahitaji maelezo mengi.

Kwenye kilomita mtego ni mkubwa zaidi, maana kilomita ina mita 1,000. Km 3 m 50 ni kilomita 3.05. Km 3 m 5 ni 3.005. Mfundishe kuijaza nafasi ya mita kwa tarakimu tatu, 050 au 005, ndipo aweke nukta. Kwa sentimita ndani ya mita, tarakimu mbili zinatosha.

Hektomita na dekamita barabarani hutazisikia, lakini hektomita msiidharau: shamba la hekta moja lenye pande sawa lina mita 100 kila upande, na hiyo ndiyo hektomita moja. Ila hatua hizi zote ni za urefu. Kwenye eneo mambo hubadilika, kwani mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000.

Mpe mazoezi ya vitu vya kwetu. Mjusi mkubwa wa Tendaguru, ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba Lindi kati ya 1909 na 1913, amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, na kimo chake ni mita 13.27. Mtoto wa Lindi anastahili kukijua kimo hicho kwa vipimo vyote: sentimita 1,327, milimita 13,270. Halafu Daraja la Umoja juu ya Mto Ruvuma, pale Mtambaswala, lina urefu wa mita 720. Aligeuze kuwa kilomita. Akikuletea 720,000, usimwambie amekosa. Mrudishe kwenye lile swali la namba kukua au kupungua. Akipata 0.72, aiandike pamoja na sifuri ya mbele, kwa sababu nukta peke yake kwenye daftari haionekani vizuri, na msahihishaji anaweza kusoma 72.