Mlango ule ulikuwa na sentineli

Bwana mhariri, wiki hii mmetuuliza: mkubwa wa nchi akianguka kwa kashfa, ni nani hasa aliyemwangusha? Mimi ni sentineli hapa Lubumbashi, huu mwaka wa kumi na moja nalinda depo moja ya Kampemba. Jibu langu ni Frank Wills, sentineli kama mimi.

Watu wakitaja kashfa ya Watergate hutaja Nixon, rais wa Marekani aliyeanguka, na wale waandishi wawili wa Washington Post, Woodward na Bernstein. Kazi yao naiheshimu sana. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1972, kabla gazeti lolote halijajua kitu, Wills, kijana mweusi wa miaka 24 mwenye mshahara wa dola 80 hivi kwa wiki, alikuwa akizunguka jengo la Watergate kule Washington. Mlango wa chini, upande wa gereji, akakuta umebandikwa utepe wa gundi ili ulimi wa kitasa usijifunge. Akaubandua, akidhani mafundi wa mchana wameusahau. Akaenda kutafuta chakula.

Kurudi, utepe umebandikwa tena.

Hapo namwelewa kabisa. Mara ya kwanza unatengeneza unapita. Mara ya pili uko peke yako, usingizi umekushika, ukipiga simu bure utachekwa, na ukinyamaza hakuna atakayekuuliza. Yeye, saa nane kasoro usiku, aliita polisi na kuandika katika kitabu cha zamu. Orofa ya sita, ndani ya ofisi za chama cha Democratic, wapinzani wa Nixon, wakakamatwa wanaume watano wamevaa glovu za daktari, waliotumwa na watu wa kampeni ya Nixon.

Mengine yalichukua miaka 2. Nixon alikuwa akirekodi maongezi ya ofisi yake mwenyewe, na tarehe 24 Julai 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwamuru, kura 8 kwa 0, azitoe kanda. Katika kanda moja alisikika, siku sita tu baada ya wale watano kukamatwa, akikubali CIA, majasusi wa nchi, itumiwe kuwazuia FBI, wapelelezi wa serikali, wasichunguze. Tarehe 9 Agosti akaachia kiti.

Wills hakupata tena kazi ya kudumu. Alikufa mwaka 2000, fukara, na miaka 52. Hilo linaniuma kuliko yote, maana nchi nzima ilikula matunda ya macho yake.

Nawaambia sababu ya kumfikiria. Mwaka jana mwezi wa saba, ile baridi yetu, nilikuwa nimekaa na mbabula, jiko langu la makaa, karibu na geti. Saa tisa usiku gari likaingia, dereva ana ufunguo wake, likatoka na mapipa matatu ya mazutu, yaani dizeli. Nikaandika saa na namba ya gari katika kaye, daftari langu la zamu. Asubuhi msimamizi akasoma, akafunga kaye polepole, akaniambia: "Papa, ile paje utoe." Nina watoto watano, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kunipigia hodi mara mbili.

Ukurasa wa Wills umehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za taifa la Marekani. Wangu niliutia katika mbabula, nikatazama namba ya gari ikigeuka nyeusi kabla karatasi haijashika moto.