Malkia aliuza vito, alivikopesha au aliviweka rehani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia, Tanga. Natafsiri makala kuhusu vito vya wafalme wa Ulaya katika karne ya 17. Nimeandika: "Mwaka 1642 Malkia Henrietta Maria wa Uingereza aliwakopesha wafanyabiashara wa Uholanzi vito vya taji ili mumewe apate fedha za vita." Mwenzangu kafuta "aliwakopesha" akaandika "aliwauzia". Nani yuko sahihi? Na je, "kito" na "johari" ni kitu kimoja?

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa swali hili, maana kitenzi unachokitafuta ndicho kinachomwambia msomaji kito ni cha nani.

Tuanze na "kukopesha". Anayekopesha ndiye mdai. Ukiandika kwamba malkia aliwakopesha Waholanzi vito, umewafanya wao kuwa wadaiwa, na kisa kimegeuka juu chini. Yeye ndiye aliyekopa, tena alikopa fedha. Isitoshe, kitu cha kukopa hakirudi chenyewe, hurudi mfano wake: ukikopa kilo ya sukari unakula, kisha unarudisha kilo nyingine. Kinachorudi chenyewe ni cha kuazima. Siku hizi maneno haya mawili yanachanganywa kila siku, na mimi naona ni hasara kubwa, kwa sababu lugha yetu imeyatenga vizuri.

Neno unalolihitaji ni "rehani". Malkia aliondoka Uingereza mwezi Februari 1642, kwa maelezo kwamba anampeleka binti yake, Mary, kwa mumewe huko Uholanzi. Ndani ya mizigo mlikuwa na vito. Aliviweka rehani: fedha akapewa, vito vikabaki mikononi mwa mdai, na haki ya kuvikomboa ikabaki kwake. Watu wa pwani tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Mkufu wa bibi harusi ukienda kwa sonara wakati wa ada za shule, shoga yake haulizi "umeuza?" Anauliza "utaukomboa lini?" Swali la pili lina tumaini ambalo la kwanza halina.

Lakini usimcheke mwenzako. Kuna sehemu ya kisa hiki ambapo "aliuza" ndilo neno la haki. Katika barua moja kwa mumewe, Mfalme Charles I, malkia anasimulia habari za vifungo vya lulu vya mfalme. Vilipotolewa kwenye dhahabu yake na kutungwa kuwa mkufu, anasema, vilipendeza mno, na aliviachia kwa uchungu. Hakuna aliyekubali kuvipokea rehani. Walitaka kununua tu. Wanunuzi walikwisha kujua kwamba malkia na mumewe wana shida ya fedha, wakawakaba koo, naye hakupata zaidi ya nusu ya thamani yake. Angalia jinsi yeye mwenyewe anavyotenganisha kuweka rehani na kuuza. Mfasiri akiyafanya neno moja, uchungu wote wa barua ile unapotea.

Wafanyabiashara walikuwa na sababu ya kusita. Bunge la Uingereza, lililokuwa likigombana na mfalme, lilipinga, likisema vito vya taji si mali ya malkia, na mtu haweki rehani kitu kisicho chake.

Ukitaka kuona vitenzi hivi vikifanya kazi pamoja, fuata almasi iitwayo Sancy, yenye uzito wa karati 55 hivi (karati ni kipimo cha uzito wa vito). Mfalme James I aliinunua mwaka 1604. Baadaye Henrietta Maria, akiwa Ufaransa, aliiweka rehani kwa Duke wa Épernon, mwungwana mkubwa wa huko, pamoja na almasi nyingine iliyoitwa Kioo cha Ureno, akashindwa kuzikomboa. Mwaka 1657 Kardinali Mazarin alizinunua. Alipofariki mwaka 1661 aliusia almasi 18 kwa taji la Ufaransa, Sancy ikiwamo. Leo ni mali ya jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Ukiandika "ilipita mikono mingi" utakuwa umesema kweli, ila utakuwa umeficha yote yaliyotokea.

Sarufi nayo ina la kusema. Aliyetoa kito ni mweka rehani. Aliyekipokea ni aliyewekewa. Usiandike "amana" hapo. Amana hukabidhiwa mtu unayemwamini akutunzie, wala hapana deni kati yenu.

Kuhusu swali lako la pili: kwa kazi yako tumia "kito", wingi "vito", kwa maana ya jiwe lenyewe, kama lile linalotiwa kwenye pete. Lulu si jiwe, lakini kwa mazoea imo katika hesabu ya vito. "Johari" ni neno tukufu zaidi, lililotufikia kwa Kiarabu, na ushairi umelizoea kiasi kwamba mara nyingi halimaanishi jiwe kabisa bali ubora wa mtu au wa maneno. Katika orodha ya mali iliyowekwa rehani, "johari" litasikika kama shairi ndani ya stakabadhi.

Basi sentensi yako ningeiandika hivi: "Mwaka 1642 Malkia Henrietta Maria alivipeleka vito Uholanzi, vingine akaviweka rehani kwa wafanyabiashara, na vifungo vya lulu vya mumewe, ambavyo hakuna aliyetaka kuvishika rehani, akaviuza."