Usiziache dawa kwa sababu umepata nafuu

Dada uliyeandika kutoka Tororo, usiziache dawa hizo. Unasema daktari amekuambia una baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hisia kupita kiasi kisha kumshusha, kwamba sasa unalala vizuri na umerudi kazini, kwamba mchungaji anataka uzikabidhi madhabahuni Jumapili, na kwamba hujui uwaambie nini wakwe zako. Nimeshindwa kunyamaza, kwani hiyo ya madhabahu naijua.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo na mhubiri ambaye hakuwahi hata kuniuliza naugua nini. Nikaiweka pakiti ya lithiamu, dawa yangu ya baipola, yenye jina langu kwa kalamu ya muuguzi, katikati ya bahasha za sadaka, na waumini wakapiga vigelegele. Baadaye usingizi ukapungua, nikawa naamka usiku wa manane kupiga hesabu ya faida ya maduka yasiyokuwapo. Nikakopa kwenye SACCO, nikauza pikipiki iliyokuwa ikiwalisha watoto, nikalipia mabango ya rangi yenye jina langu. Mke wangu alipouliza, nilimfukuza pamoja na watoto. Ndugu zangu waliponifikisha Butabika, hospitali kuu ya wagonjwa wa akili kule Kampala, sikujua hata ni siku gani. Deni lile bado nalilipa, na mhubiri yule hakuja kunitazama. Aliwaambia watu kwamba imani yangu ilikuwa haba. Sijamsamehe.

Maneno yake yaliniingia kwa sababu sikutaka kuwa mgonjwa. Hapa kwetu Butabika ni tusi la watoto barabarani, kwa hiyo kila nilipopata nafuu niliona daktari alikosea, kumbe nafuu yenyewe ilikuwa kazi ya dawa. Lithiamu ikikatizwa ghafla, hatari ya ugonjwa kurudi kwa kishindo huongezeka. Hata daktari akiamua kuiondoa, huipunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa au miezi, na muda wote unapoitumia ni lazima upimwe damu, maana ikizidi mwilini hudhuru.

Sali, na mchungaji akuombee, hakuna anayekukataza. Lakini dozi isiguswe na mtu yeyote bila daktari. Kama mikono inatetemeka au unanenepa, yapeleke malalamiko hayo kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya Mbale kabla ya Jumapili hiyo, na uende na mtu wa nyumbani atakayejifunza dalili zako za mwanzo. Zangu huanzia kwenye usingizi, na mke wangu, ambaye alikubali kurudi, huziona kabla yangu.