Nyama uliyoniuliza, mwanangu

Mwanangu,

Barua yako tumeisoma sote, hata baba yako aliyejifanya hasikilizi. Umeuliza kama uache nyama moja kwa moja au upunguze tu ya ng'ombe, kwa kuwa ufugaji unachangia kuipasha dunia joto. Swali zuri. Ila kila nikishika kalamu nikujibu, inanijia ile sufuria ya harusi ya shangazi yako.

Ulikuwa mdogo, labda unakumbuka keki tu. Babu yako alishikilia wachinjwe ng'ombe wawili, majirani wasije wakasema. Nikamwambia mmoja anatosha. Nikaambiwa nikakate vitunguu. Kesho yake asubuhi tukakuta sufuria kubwa kuliko zote imejaa pomoni, mafuta yameganda juu, na ukitia mwiko povu linapanda na harufu ya uchachu. Wajomba zako wakachimba shimo nyuma ya nyumba, nami nikasimama pale mpaka walipomaliza kufukia. Hadi leo wifi zangu wakianza kusimulia harusi ile ilivyofana, mimi hutoka nje.

Ndiyo maana nasema, na utanisikia nikisema mpaka nife: nyama mbaya kuliko zote ni ile isiyoliwa na mtu. Yule ng'ombe alilishwa miaka, akanyweshwa maji, akatoa hewani methani yake yote, ile gesi inayoipasha dunia joto, kisha akaishia shimoni! FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikadiria mwaka 2011 kwamba karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa kwa ajili ya watu hupotea au hutupwa. Theluthi nzima.

Najua utakachojibu, maana nimeshajijibu mwenyewe. Hata ng'ombe aliyeliwa mpaka mfupa, methani yake ilishatoka. (Na mwambie kaka yako aache mzaha wake: gesi hiyo kwa sehemu kubwa hutoka mdomoni, kwa mbweu, mnyama anapocheua. Si huko anakokucheka yeye.) Methani haidumu sana hewani, kama miaka 12 hivi, lakini ukipima kwa miaka 20, inapasha joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Hapo mimi naona na la kutia moyo: ikipunguzwa sasa, nafuu utaiona wewe, si wajukuu zako peke yao. Basi shimo langu halitoshi kuwa jibu.

Kuna pia utafiti wa wanasayansi wawili, Poore na Nemecek, wa mwaka 2018, uliokusanya takwimu za mashamba karibu 38,700 katika nchi 119. Vyakula vitokanavyo na wanyama vinachukua takriban asilimia 83 ya ardhi ya kilimo, halafu vinatupa asilimia 18 tu ya kalori. Ng'ombe wa nyama anaongoza kwa mbali. Kuku yuko chini sana, na maharage chini zaidi. Wanaodhani dawa ni kununua nyama ya karibu wanajifariji, kwani usafiri ni sehemu ndogo mno ya hesabu ya ng'ombe. Kumtaja yeye kwanza hukukosea.

Lakini tena! Si kila malisho yanaweza kulimwa. Ziko nyanda kavu ambako nafaka haisimami, na mnyama ndiye anayegeuza nyasi kuwa chakula. Na mtoto mwenye upungufu wa damu, anayeonja nyama kwa nadra, huwezi kumhubiria sawa na mtu anayeila asubuhi, mchana na jioni. Huyo wa asubuhi, mchana na jioni ndiye ningependa aisome barua hii.

Unataka hukumu, na ulimi unaniwasha kweli. Nikisema acha, baba yako atanuna wiki nzima. Nikisema endelea kama kawaida, nitakuwa nimekudanganya. Wewe ni mtu mzima, unajipikia mwenyewe, kwa hiyo nanyamaza. Ila ningekuwa wewe ningeanza na ng'ombe, na ningepika kwa kuhesabu vichwa. Hiyo si hukumu, nimeropoka tu.

Ukija likizo niandikie mapema mko wangapi, na kama huyo mwenzako anakula mayai. Baba yako anakusalimu. Anasema yeye hajaulizwa.

Mama yako