Fundi hodari anayewafukuza wenzake kwenye programu huria

SWALI: Ndugu mtaalamu, hapa Kigoma tuna programu huria ya simu ya kuandikia dagaa wanaoshushwa mwaloni Kibirizi. Ni huria kwa maana msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuchangia. Mwenzetu mmoja ndiye anayeandika karibu msimbo wote, na kwa kweli ni hodari. Ila michango ya wengine anaikataa bila maelezo, na wawili wameshaondoka. Tukimbana tunaogopa atasusa na programu ife. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, programu inayomtegemea mtu mmoja iko hatarini hata kama mtu huyo ana roho nzuri kuliko wote. Akiugua au akipata kazi Dar es Salaam, imekwama. Kwa hiyo anzeni na funguo, tabia baadaye.

Ndani ya hifadhi ya msimbo, yaani mahali ambapo programu iitwayo git inatunza msimbo na historia yake, endesheni amri hii: git shortlog -sn --no-merges --since="1 year ago". Itawapa majina na idadi ya mabadiliko ya kila mmoja. Kisha ulizaneni nani mwingine ana mamlaka ya usimamizi kwenye hifadhi, nywila ya seva na ufunguo wa kusaini programu ya Android, yaani faili la siri linaloithibitishia simu kwamba toleo jipya limetoka kwenu. Huo wa mwisho husahaulika sana. Kama mnaigawa programu wenyewe na ufunguo ukapotea, simu zitakataa toleo jipya juu ya la zamani. Mwandishi wa mwaloni, yaani anayeandika dagaa wanaoshushwa, atalazimika kuiondoa programu na kuiweka upya, na rekodi ambazo hazijafika kwenye seva zitafutika. Nakala za ufunguo zikae kwa watu wawili.

Hapo ndipo mlinde tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo: badiliko lisiingie mpaka mtu mwingine aliidhinishe. Hakikisheni sharti hilo linawabana na wasimamizi, la sivyo fundi wenu ataliruka. Wakaguzi wawe angalau watatu. Wakiwa wawili, mmoja akisafiri kazi inasimama, na watu wataanza kudai sharti lifutwe.

Apache Software Foundation, taasisi ya Marekani ya programu huria iliyoanzishwa mwaka 1999, hutanguliza jamii mbele ya msimbo, na ina taratibu mbili zinazowafaa. Kura huachwa wazi kwa saa 72 angalau, ili hata aliye mbali aipate. Na anayepinga badiliko la msimbo lazima atoe sababu ya kiufundi, ama pingamizi lake halihesabiki. “Sipendi ulivyoandika” si sababu. “Jumla inakosea mtumbwi ukiandikwa mara mbili usiku mmoja” ni sababu, na aliyeandika anajua pa kurekebisha. Mkikubaliana jambo WhatsApp, liandikeni kwenye hifadhi siku hiyohiyo.

Tena, msihesabu msimbo peke yake. Mwandishi wa mwaloni anayewaambia kwamba skrini inadai kilo wakati yeye anahesabu ndoo amewapa kitu ambacho mwanaprogramu hawezi kukigundua akiwa mezani. Jina lake liingie kwenye orodha ya wachangiaji. Mikutano iwekeni wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inapopumzika, naye apate kuhudhuria.

Msikimbilie kumpa mgeni funguo ili mumpunguze nguvu fundi. Mwaka 2024 xz, programu huria ya kubana mafaili, ilikutwa na mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupachika alikuwa amejenga imani kwa muda mrefu, huku msimamizi aliyekuwa karibu peke yake akishinikizwa apate msaidizi. Mpeni mamlaka mtu mnayemfahamu na ambaye kazi yake imekaguliwa.

Na fundi mwenyewe? Azungumze naye mtu mmoja anayemheshimu, faraghani, akiwa na mifano miwili au mitatu ya michango iliyokataliwa. Naamini wengi wa aina yake wamechoka tu kubeba mzigo peke yao. Akikataa kabisa, angalieni kama hifadhi ina faili la leseni huria. Likiwepo, mnaweza kunakili msimbo na kuendelea bila yeye. Lisipokuwepo, haki inabaki kwa kila aliyeandika, hivyo ombeni idhini yao ya maandishi sasa, wakiwemo wale wawili walioondoka.